Jinsi ya kutoa maoni kuhusu muvi mpaka mtu akuelewe (mwongozo kwa wanaoanza)

Maswali ni yaleyale kila siku. Mtu kaangalia muvi, imemkaa kichwani, anataka kuisemea, akianza kuandika anaishia kwenye "kali sana aisee" au "upuuzi, wamenipotezea muda", halafu anashangaa mbona hakuna aliyemjibu. Mwingine anauliza kama ni lazima ujue mambo ya kamera ndo uruhusiwe kuongea. Mwingine anaogopa kusema muvi fulani ya zamani inayosifiwa dunia nzima yeye imemchosha, eti ataonekana hajui kitu. Na kuna wale wanaomwaga mwisho wa stori kwenye sentensi ya kwanza kisha wanauliza watu wamekasirikia nini. Haya yote nimekuwa nayajibu vipande vipande, sasa nayaweka sehemu moja, hatua kwa hatua, ukimaliza kusoma uchukue muvi moja uifanyie kazi.

Msimamo wangu nausema mapema. Maoni ya muvi yana thamani pale yanapoonesha ulichokiona. Ukisema ni nzuri au mbaya bila kumwonesha mtu ulichokiona, hata kama uko sahihi kabisa, msomaji hana cha kushika. Hatua zote hapa chini zinarudi hukohuko.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Muvi yenyewe, na uhakika wa toleo unaloangalia. Hili watu wanalipuuza sana. Chukua Blade Runner: ile iliyotoka 1982 ina sauti ya steringi akisimulia na mwisho wenye matumaini zaidi, toleo la dairekta la 1992 likaondoa simulizi na ule mwisho, halafu likaja toleo la mwisho kabisa 2007. Sasa watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu "yale masimulizi ya kuboa" wakati mmoja wao hakuyasikia hata kidogo, na wote wanasema kweli.
- Jina la muvi, mwaka, na jina la dairekta. Majina ya muvi yanarudiwa sana na rimeki (muvi ya zamani iliyotengenezwa upya) ni nyingi, usipoweka mwaka watu hawajui unaongelea ipi.
- Sehemu ya kuandika maneno machache, iwe daftari au simu baada ya muvi kuisha.
- Mpangilio mzuri (settings) wa tivii, kama unatumia tivii. Muvi nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, na tivii nyingi za kisasa zina kitu ndani ya mpangilio kinachoongeza picha za katikati ili mwendo uwe laini. Matokeo yake muvi ya gharama kubwa inaonekana kama tamthilia ya bei rahisi, na mtu analaumu dairekta. Ingia kwenye mpangilio wa picha ukizime. Pia usivute picha ya muvi ya zamani ijaze kioo, zile pande nyeusi kushoto na kulia ziache, muvi nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa umbo linalokaribia mraba na ukizivuta watu wote wanakuwa wanene.
- Sentensi moja inayokueleza wewe ni mtazamaji wa aina gani. "Mimi ni mtu wa muvi za mapigano." "Sipendi muvi za kutisha ila hii nililazimishwa." Utaitumia hatua ya 4.

Usichohitaji ni shahada ya filamu, maneno magumu, wala kuwa umeangalia muvi zote za dunia. Hakuna aliyeziangalia zote.

Hatua ya 1: Iangalie mpaka mwisho, simu ikiwa mbali

Ni rahisi kuandika ila ndo hatua inayokosewa kuliko zote. Ukiwa unaskrol huku muvi inaendelea unapoteza vitu ambavyo havisemwi kwa mdomo, jicho la mtu linapogeuka, mlango ulioachwa wazi, kitu kilichowekwa mezani dakika ya kumi ili kitumike dakika ya themanini. Halafu mtu huyohuyo anakuja kuandika kwamba "stori ina mashimo". Shimo lilikuwa kwenye simu yake.

Usisome maoni ya wengine kabla. Na trela ukiweza iache, trela nyingi za siku hizi zinakupa nusu ya stori na vichekesho vyote vizuri.

Angalizo: kama hukumaliza muvi, sema hukumaliza. "Niliacha dakika ya 40 kwa sababu hii" ni maoni halali kabisa na yana faida kwa msomaji. Kusema muvi nzima ni mbaya wakati uliacha katikati ni kumdanganya.

Hatua ya 2: Andika matukio matatu, usiandike sifa

Muvi ikiisha tu, kabla hujaongea na mtu, andika vitu vitatu ulivyoviona au kuvisikia ambavyo bado viko kichwani. Viandike kama vilivyo. Usiandike "uigizaji wa hali ya juu". Andika "mama anapopokea simu halii, anaanza kupanga vyombo". Sifa utazitoa baadaye, tena zitatoka zenyewe humohumo kwenye matukio.

Kama vitu vitatu vyote vinatoka nusu saa ya kwanza, hiyo tayari ni taarifa, inawezekana muvi ilichoka katikati, au wewe ndo ulichoka. Ukiona vyote ni vya mwishoni jiulize kama sehemu iliyobaki ilikuwa inasubiri tu hapo.

Na usisimamishe muvi kila dakika ili uandike. Unaua mwendo wake kisha unalalamika mwendo ni mbovu.

Hatua ya 3: Iache ilale

Usiipe alama majina yakiwa bado yanapanda kwenye kioo. Muvi yenye mwisho mkali inakutoa ukiwa umepanda mzuka na kila kitu kinaonekana kizuri, muvi yenye mwisho wa kukera inakufanya usahau saa nzima nzuri uliyoipata. Lala, kesho angalia yale matukio matatu uliyoandika. Yapi bado yana nguvu?

Hatua ya 4: Sentensi moja, kisha "kwa nini" mara mbili

Sasa andika hukumu yako kwa sentensi moja ya kawaida kama unavyomwambia rafiki. Halafu jiulize kwa nini, jibu, jiulize tena kwa nini, jibu.

"Muvi imenichosha." Kwa nini? "Kwa sababu ni ndefu." Kwa nini urefu umekuwa tatizo, mbona kuna nyingine ndefu zaidi ulizipenda? "Kwa sababu tangu katikati tunajua nani muuaji ila wahusika wanachukua saa nzima kugundua." Haya, hapo umefika. Hiyo sentensi ya tatu ndo maoni yako, zile mbili za kwanza zilikuwa mlango tu. Watu wengi wanaishia mlangoni.

Urefu peke yake hauelezi kitu. Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954) ina dakika 207 na kuna watu wanaimaliza wakitamani iendelee, na kuna muvi za dakika 85 ambazo unaangalia saa mara nne.

Kisha ongeza ile sentensi yako ya kujieleza. Mpenzi wa muvi za kutisha akisema "haitishi" na mtu asiyeangalia kabisa muvi za kutisha akisema "haitishi" hawajasema kitu kimoja, msomaji anatakiwa ajue anaongea na yupi.

Hatua ya 5: Chukua sini moja (tukio moja la muvi) uielezee kwa karibu

Hapa ndo penye utamu na ndo ningependa utumie muda wako mwingi. Huna haja ya kuelezea muvi nzima, chagua sehemu moja inayobeba hoja yako.

Nitatumia 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957), maana ni muvi ambayo ukiisimulia kwa mtu inaonekana haina kitu: wanaume 12 wamefungiwa kwenye chumba waamue kesi ya mauaji, dakika 96, nyeusi na nyeupe, na karibu muda wote hatutoki humo chumbani. Sasa angalia maoni mawili.

La kwanza: "Ni klasiki, uigizaji wa hatari, lazima kila mtu aione, 10/10."

La pili: "Mimi ni mtu wa muvi za mapigano, sikutegemea kukaa saa moja na nusu na wanaume wanaoongea. Imenishika, na kilichonishika ni joto. Wanaingia wanafungua madirisha, feni ya ukutani haizunguki, mashati yanaanza kuloa, na kadiri ubishi unavyopanda sura zinazidi kujaza kioo mpaka nikatamani na mimi nitoke humo ndani. Kilichonikera, wahusika wawili watatu wamepewa tabia moja tu kila mmoja, unajua watasema nini kabla hawajafungua mdomo. Kama huwezi muvi ya maneno haitakufaa. Kama unapenda kuona watu wakibanana kwa hoja, anza na hii."

La pili halina neno gumu hata moja. Halijataja lenzi wala pembe ya kamera, lakini limegusa kitu ambacho Lumet alikipanga kweli: mwanzoni kamera ilikaa juu ya usawa wa macho na kwa lenzi pana (inayoonesha eneo kubwa), katikati ikashuka usawa wa macho, mwishoni ikawa chini ya macho na lenzi ndefu (inayovuta vitu karibu), dari ikaanza kuonekana na kuta zikawa kama zinawasogelea. Mwandishi wa maoni ya pili hakuhitaji kujua hayo. Aliona sura zinakaribia akahisi kubanwa, akasema. Ukiona na ukahisi, andika ulichoona na ulichohisi vikiwa pamoja, ufundi utajifunza taratibu huko mbele na hautakusumbua.

Na umeona hajatoa siri ya kesi? Kachagua joto na feni, vitu ambavyo haviharibu stori ya mtu.

Hatua ya 6: Jua unamlaumu au unamsifu nani

Sio kazi kubwa, ila inaokoa aibu. Maneno anayosema mhusika yanatoka kwenye skripti. Namna anavyoyasema ni mwigizaji, pamoja na dairekta. Nini kionekane na kwa muda gani ni dairekta, mpiga picha na mhariri. Kwa hiyo muigizaji mzuri akipewa mistari ya ajabu usimtupie yeye lawama zote.

Sikiliza pia, maana watu wanasahau muvi ina masikio. Na angalia kisichooneshwa. Jaws ya Steven Spielberg (1975) ilitengenezewa papa wa mashine ambaye alikuwa anaharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi wamfiche sehemu kubwa ya muvi, badala yake unapata kamera iliyo usawa wa maji, mapipa ya njano yanayovutwa, na noti mbili za muziki wa John Williams zinazorudiarudia. Mtu akiandika "papa haonekani hata, wametuibia" kakosa kabisa kilichomfanya akunje miguu kwenye kiti. Jiulize hivi, niliogopa wakati gani hasa, na kwenye kioo kulikuwa na nini wakati huo? Mara nyingi kulikuwa na maji tu.

Hatua ya 7: Spoila

Spoila ni kumwambia mtu siri ya stori kabla hajaiona mwenyewe. Kanuni yangu ni fupi. Mambo ya robo ya kwanza ya muvi unaweza kuyasema. Baada ya hapo, ama unaficha, ama unaweka onyo la wazi mstari wake peke yake kabla hujaendelea, na unaacha nafasi kidogo ili jicho la mtu lisirukie chini.

Makosa matatu yanayojirudia:

Kuweka siri kwenye kichwa cha habari au kwenye picha. Onyo lako ndani halisaidii chochote, mtu ameshaona.

Kusema "subiri mpaka dakika za mwisho utashangaa". Hiyo nayo ni spoila, umemwambia mtu kuna mgeuko, atakaa muda wote anauwinda badala ya kuangalia muvi. Kama mshangao ndo uzuri wake wote sema tu "ingia bila kusoma chochote" basi.

Kudhani muvi ya zamani haina spoila. Kila siku kuna mtu anaangalia Psycho kwa mara ya kwanza. Alfred Hitchcock alipoitoa mwaka 1960 alisisitiza mtu yeyote asiingizwe ukumbini baada ya muvi kuanza, alitaka kila mtazamaji aipokee kwa mpangilio wake, na mtoto aliyezaliwa juzi naye anastahili heshima hiyohiyo.

Hatua ya 8: Ukiongelea muvi za zamani

Hapa ndo ugomvi mwingi unapotokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, jua ilitoka lini na kabla yake watu walikuwa wameona nini. Stori ya kukusanya kikosi, mmoja anakuja na ujuzi huu mwingine na ule, ukiiangalia kwenye Seven Samurai leo unaweza kusema "mbona hii nishaiona mara mia". Umeiona mara mia kwa sababu walioifuata waliichukua humo, Marekani wenyewe waliirudia mwaka 1960 kama The Magnificent Seven. Hii haimaanishi ni lazima uipende. Inamaanisha usiilaumu kwa kuiga wakati yenyewe ndo iliyoigwa.

Pili, usipime efekti (mbinu za kutengeneza visivyokuwepo kweli, kama mazimwi au milipuko) za zamani kwa jicho la leo peke yake. Swali zuri ni kama efekti ile inafanya kazi yake ndani ya muvi: inatisha, inashangaza, inakuingiza kwenye ule ulimwengu? Kuna midoli ya miaka ya 80 inayotisha kuliko kompyuta za juzi, na kuna mingine imezeeka vibaya kweli, yote mawili yaseme.

Tatu, ipe mwendo wake. Muvi nyingi za zamani zinashikilia picha moja muda mrefu kuliko ulivyozoea, na dakika kumi na tano za kwanza zinaweza kukuchosha mpaka jicho lizoee. Likizoea mambo yanabadilika. Lisipozoea, sawa, umejaribu.

Nne, na hili nalisema kwa moyo wote, usijifanye umependa. Sentensi "naiheshimu ila sikuifurahia" ni sentensi ya mtu mzima, iandike bila woga kisha eleza wapi ilikupoteza. Hata wakosoaji wakubwa hawakubaliani na wanabadilika. Jarida la Sight and Sound la Uingereza linapiga kura ya wakosoaji ya muvi bora za wakati wote kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mwaka huo wa kwanza Bicycle Thieves ndo iliongoza, kisha Citizen Kane ikakaa namba moja kuanzia 1962 mpaka 2002, ikaja Vertigo 2012, na 2022 ikaongoza Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, muvi ya zaidi ya saa tatu ambayo sehemu kubwa unamwangalia mwanamke akifanya kazi za nyumbani. Kama hao ambao ndo kazi yao wanahama, wewe huna sababu ya kuogopa orodha.

Upande wa pili pia upo. The Shawshank Redemption (1994) iliteuliwa tuzo saba za Oscar haikupata hata moja, na kwenye majumba ya sinema haikuvuta watu, baadaye watu wakaipata nyumbani na kwa miaka mingi imekaa kileleni mwa orodha ya 250 bora ya IMDb, tovuti ambako watazamaji wanapigia muvi kura. Kwa hiyo kusema muvi iliyotoka mwezi huu kwamba "imefeli, itasahaulika" ni utabiri, na utabiri sio maoni ya muvi. Ongelea kilicho mbele yako.

Hatua ya 9: Alama na asilimia

Ukitaja alama za watu, jua zinamaanisha nini. Asilimia ya Rotten Tomatoes (tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji) ni sehemu ya wakosoaji waliotoa maoni chanya, sio wastani wa alama. Wakosoaji kumi wote wakisema "inaangalika, 6 kwa 10" muvi inaweza kusoma asilimia 100, wakati nyingine ambayo nusu wanaiabudu na nusu wanaichukia inasoma 50. Ile ya pili mara nyingi ndo yenye mjadala. Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, wao wanatoa wastani ambao baadhi ya wakosoaji wanahesabiwa uzito zaidi, IMDb ni kura za watazamaji. Vitu vitatu tofauti, usivilinganishe kama namba moja.

Alama zako mwenyewe ziwe na maana. Amua 5 kwa 10 ni nini kwako kisha usibadilishe kila wiki. Kama kila muvi unaipa 9, tisa yako haisemi kitu tena. Na ukiona unahangaika kati ya 7 na 7.5 acha namba, andika sentensi moja zaidi.

Hatua ya 10: Mtu akikupinga

Usianze na "hujaelewa muvi". Muulize sini gani ilimfanya aone hivyo. Swali hilo moja linageuza ugomvi kuwa mazungumzo, maana sasa mnaangalia kitu kimoja wote wawili, na mara nyingine utakuta yeye aliona kitu ambacho wewe kilikupita. Akishindwa kutaja sini hata moja, muache, labda hakuiangalia.

Kwenye muvi zilizotoka vitabuni mabishano ni makubwa zaidi. Muvi kutofanana na kitabu ni taarifa, bado hujasema kama muvi ni mbaya. Stephen King mwenyewe amesema wazi kwamba hakuipenda The Shining ya Stanley Kubrick (1980) iliyotoka kwenye kitabu chake, na bado ni moja ya muvi za kutisha zinazoheshimiwa zaidi. Wote wawili wana hoja. Andika muvi imebadilisha nini, halafu sema kama hicho kilichobadilishwa kinafanya kazi kwenye kioo.

Na mtu akipenda muvi unayoichukia usimguse yeye, gusa muvi.

Ukikwama

*"Nimeipenda ila sina cha kusema."* Rudi hatua ya 2. Kama hata matukio matatu huna, irudie dakika kumi tu, zile unazozikumbuka kwa mbali, utapata cha kushika. Au anza na mhusika mmoja: alitaka nini mwanzoni, na mwishoni anataka nini?

*"Maoni yangu yamekuwa marefu, kumbe nimesimulia muvi nzima."* Kata. Stori ipewe sentensi mbili au tatu mwanzoni, zilizobaki zote ziwe zako. Njia ya kupima ni hii: futa kila sentensi ambayo mtu angeipata kwenye maelezo ya muvi bila kukusoma wewe. Kinachobaki ndo maoni yako, na kikibaki kidogo ongeza hapo.

*"Kila mtu anaisifu, mimi sioni kitu."* Chagua kitu kimoja wanachokisifu, kirudie ukiwa unakitafuta. Citizen Kane (1941) kwa mfano, watu wanasifia picha ambazo mtu wa mbele na wa mbali kabisa wote wanaonekana vizuri kwa wakati mmoja, kazi ya mpiga picha Gregg Toland. Ipo sini mtoto anacheza kwenye theluji nje ya dirisha, huku ndani wakubwa wanaamua maisha yake, na vyote unaviona kwa pamoja. Ukiiona hiyo na bado muvi haikugusi, andika hivyohivyo: nimeona wanachokisifu, kwangu hakikutosha, na sababu ni hii.

*"Muvi najua ni mbovu ila naipenda."* Vizuri, sema vyote viwili na utenganishe. Ubovu wake upo wapi, na raha yake inatoka wapi. Maoni ya namna hii watu wanayapenda sana kusoma kwa sababu yana ukweli ndani.

*"Sikuelewa mwisho."* Andika ulichoelewa mpaka pale ulipopotea, na swali lako liwe maalum. "Yule aliyesimama mlangoni ni nani?" litajibiwa. "Naomba mnieleweshe muvi" halijibiki. Kumbuka onyo la spoila juu ya swali lenyewe.

*"Nimeangalia kwa maandishi ya chini, lugha siijui, naweza kusema chochote kuhusu uigizaji?"* Unaweza. Uso, pumzi, mikono na ukimya unaviona mwenyewe. Parasite ya Bong Joon-ho (2019) ilibeba Oscar ya muvi bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata, na wengi waliosisimka nayo waliisoma chini ya kioo. Cha kuacha ni kuhukumu lafudhi au uzuri wa maneno yenyewe, hapo unahukumu kazi ya mtafsiri. Na maandishi yakiwa mabovu, badilisha kabla hujalaumu skripti.

*"Nimebadilisha mawazo baada ya kuiangalia tena."* Andika maoni mapya, ya kwanza usiyafute. Weka tarehe, sema nini kimebadilika: umekua, umeangalia toleo jingine, au safari hii simu ilikuwa mbali. Anayekusoma atapata kitu ambacho maoni ya siku moja hayawezi kumpa.

*"Nilisinzia katikati."* Rudia kuanzia ulipoishia kukumbuka, mchana, ukiwa umelala vya kutosha. Ukisinzia tena palepale, hapo sasa una jambo la kuandika kuhusu hiyo sehemu.